Beto Nayo Inachoka: Historia Fupi ya Magurudumu, Maji na Nyufa

Leo tunaomba dakika chache juu ya kitu ambacho tunakikanyaga kila siku bila kukiuliza swali lolote: beto. Watanzania wanaiita zege, Wakenya wanasema konkriti, lakini huku kwetu, toka Kavumu mpaka Bukavu, fundi akisema beto kila mtu anaelewa: simenti, mchanga, kokoto na maji, na ndani yake vyuma.

Wengi wetu tunaichukua beto kama jiwe. Ukishaimwaga na ikashika, basi, kazi imekwisha, watoto na wajukuu wataikuta. Sasa fikiria daraja dogo kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Bukavu, inapita Mudaka, Miti na Kavumu, inaendelea Katana na Kalehe mpaka Goma. Lori limebeba tani zake, limepita leo, daraja halikutikisika hata. Kesho linapita tena, mwaka ujao linapita tena. Halafu siku moja, lori lile lile, mzigo ule ule, sakafu ya daraja inatoboka. Mzigo haukuongezeka hata kilo moja. Nini kimebadilika?

Mtu wa haraka atasema: fundi aliiba simenti. Inawezekana, wizi tunaujua. Lakini hata fundi mwaminifu, mwenye kupima kila kitu, daraja lake linaweza kufikia siku hiyo. Jibu lilichukua watu wa sayansi zaidi ya miaka mia moja kulipata, na walilipata vipande vipande: wengine walisoma mizigo, wengine walisoma maji, na kwa muda mrefu hawakujua kama wanasoma ugonjwa mmoja.

EKSELI ILIYOKATIKA BILA KUONYA

Historia inaanzia mbali na beto. Tarehe 8 Mei 1842, treni ilikuwa inarudisha watu Paris kutoka kwenye sherehe za mfalme kule Versailles, Ufaransa. Ekseli ya injini ya mbele ikakatika. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na abiria walikuwa wamefungiwa milango kwa nje. Watu zaidi ya 50 walikufa.

Kilichowasumbua wainjinia ni kwamba ekseli ile haikubeba mzigo wa ajabu siku hiyo. Ilibeba mzigo wake wa kila siku. Chuma kizima, kilichokuwa kinaonekana kizuri, kilikatika kama kijiti kikavu.

Mjerumani mmoja wa reli, August Wöhler, ndiye aliyelifanyia swali hilo kazi ya miaka mingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 alipima ekseli zikiwa kazini, kisha akajenga mashine za kuzungusha vipande vya chuma huku vikipindwa, mara maelfu, mara mamilioni. Matokeo yake mpaka leo yanafundishwa katika kila kitivo cha ujenzi na mashine: kitu kinaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kuliko ule wa kukivunja mara moja, mradi mzigo huo mdogo urudiwe mara nyingi. Tena, kadiri mzigo unavyokuwa mdogo, ndivyo idadi ya marudio inavyohitaji kuwa kubwa. Wakaliita jambo hilo kuchoka kwa chuma.

Wazee wetu wangesema haba na haba hujaza kibaba. Tofauti ni kwamba hapa kibaba kinachojaa ni cha uharibifu.

MAJI YA DIJON

Miaka ile ile, katika mji wa Dijon, injinia Henry Darcy alikuwa na kazi nyingine kabisa. Alikuwa ameuletea mji huo maji safi ya bomba, na akataka kujua maji yanapitaje ndani ya mchanga wa kuchujia. Akajaza mchanga kwenye mtungi mrefu wa chuma, akapitisha maji, akapima. Mwaka wa 1856 akachapisha kanuni yake: maji yanayopita yanategemea msukumo wa maji, urefu wa njia, na tabia ya kitu chenyewe, yaani kama kinapitisha kwa urahisi au kwa taabu.

Darcy alikuwa anawaza mchanga, si kuta. Lakini kanuni yake inafanya kazi popote kuna matundu madogo yaliyoungana, na beto imejaa matundu hayo.

Kwa hiyo katikati ya karne ya 19 funguo mbili zilikuwa zimeshapatikana, moja ya mizigo inayojirudia, moja ya maji yanayopenya. Zilikaa kwenye mifuko ya watu wawili ambao hawakuwa na sababu ya kukutana.

BETO INAINGIA UWANJANI

Simenti tunayoijua ilipewa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka wa 1824, kwa jina la Joseph Aspdin. Mwaka wa 1867 Mfaransa Joseph Monier, mtu wa bustani, akapata hati ya vyungu vya mimea vya simenti yenye waya ndani. Toka kwenye vyungu ikaja kwenye matangi, mabomba, kisha madaraja. Sababu ya kuweka chuma ni rahisi: beto inavumilia sana kubanwa, lakini ukiivuta ni dhaifu, nguvu yake ya kuvutwa ni karibu sehemu moja kwa kumi tu ya ile ya kubanwa. Chuma kinasaidia pale panapovutwa.

Mwanzoni watu walidhani kuchoka ni shida ya chuma peke yake. Beto ni jiwe, jiwe linachokaje? Mwaka wa 1903, J. L. Van Ornum wa chuo kikuu cha Washington kule St. Louis, Marekani, alichapisha majaribio yake: alivibana vipande vya simenti na kuviachia, tena na tena, kwa mizigo iliyo chini ya ile ya kuvivunja. Vikavunjika. Kumbe jiwe hili nalo linachoka.

Ndani yake kunatokea nini? Beto si kitu kimoja. Ni kokoto zilizoshikwa na gundi ya simenti. Pale gundi inapogusana na kokoto ndipo pana udhaifu, na nyufa ndogo sana, zisizoonekana kwa macho, zinakuwepo hata kabla gari la kwanza halijapita, juu gundi ilisinyaa ilipokuwa inakauka. Kila mzigo unazisukuma kidogo. Ukiondoa mzigo, nyingi zinajifunga karibu kabisa. Lakini neno ni hilo "karibu". Kila mara kunabaki kitu kidogo ambacho hakikurudi, na mzigo unaofuata unaanzia pale. Nyufa zinarefuka, zinakutana, na vijitundu vilivyokuwa kila kimoja peke yake vinakuwa barabara moja.

Barabara ya nani? Ya maji.

MALORI YA ILLINOIS

Mahali ambapo mizigo na maji yalikutana wazi ni barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, jimbo la Illinois huko Marekani lilikuwa linataka kumwaga barabara nyingi za beto na halikujua ziwe nene kiasi gani. Chini ya injinia Clifford Older wakajenga barabara ya majaribio mahali panaitwa Bates, wakapitisha malori juu yake huku wakiongeza mzigo. Waligundua kwamba sehemu za beto zilizofanyiwa kazi chini ya nusu ya nguvu yao ya kupindwa zilivumilia marudio mengi sana, na zile zilizozidi nusu hiyo zilikufa mapema. Waliona pia kwamba pembe za beto ndizo zinavunjika kwanza.

Toka 1958 mpaka 1960, hukohuko Illinois, karibu na mji wa Ottawa, likafanyika jaribio kubwa zaidi. Wanajeshi waliendesha malori kuzunguka vitanzi vya barabara usiku na mchana, mpaka ekseli zikawa zimepita zaidi ya milioni moja. Kutoka huko ndiko ilipotoka ile hesabu ambayo kila mwanafunzi wa barabara anaijua: uharibifu unaongezeka karibu kwa nguvu ya nne ya mzigo wa ekseli. Ekseli yenye mzigo mara mbili haiharibu mara mbili. Inaharibu karibu mara 16. Ukizidisha nusu tu, toka tani 10 kwenda tani 15, uharibifu ni karibu mara 5.

Lakini jambo lingine lilionekana kwenye zile sehemu za beto, na watu wanalisahau. Zilizokufa zilionyesha dalili moja kabla: gurudumu likipita, maji ya matope yanaruka kutoka kwenye viungo na kingo. Mvua iliingia chini ya beto, lori likaikandamiza beto, maji yakatoka kwa nguvu na kuchukua udongo. Lori likipita mara elfu, chini ya beto panakuwa shimo. Beto inabaki inaning'inia, halafu inavunjika. Maji pasipo lori yangekaa kimya. Lori pasipo maji lingehitaji miaka mingi zaidi. Wawili pamoja wanamaliza kazi haraka.

UFA UNAOPUMUA

Nchini Japani, katika miaka ya 1960, sakafu za beto za madaraja zilianza kutoboka mapema kuliko ilivyotarajiwa, juu magari mazito yalikuwa yameongezeka. Watafiti wa huko, akiwemo Shigeyuki Matsui wa Osaka, wakajenga mashine za gurudumu linalokwenda na kurudi juu ya sakafu ya beto, kama kwenye daraja la kweli. Walipoweka maji juu ya sakafu hiyo, maisha yake hayakupungua kidogo. Yalibaki sehemu ndogo tu ya maisha ya sakafu kavu.

Tuangalie kwa nini. Gurudumu likikaribia, ufa unafunguka, unanyonya maji. Gurudumu likipita, ufa unajifunga, maji yaliyonaswa yanasukumwa ndani zaidi, na yanasukuma kuta za ufa kama mtu anayepigilia kabari. Kuta hizo zinasuguana, unga unatoka, maji yanaubeba. Ufa unapumua, na kila pumzi inauchimba. Juu ya hayo, maji yanayeyusha chokaa ya simenti na kuishusha chini. Ndiyo ile michirizi myeupe unayoiona upande wa chini wa madaraja na balkoni, kama machozi yaliyokauka. Chokaa ile ilikuwa mwili wa beto.

Na hesabu ya maji kwenye ufa nayo ni kali. Ufa ukiongezeka upana mara mbili, maji yanayoweza kupita ndani yake yanaongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana beto inaweza kukaa miaka na nyufa ndogo bila shida kubwa, halafu ghafla, ndani ya misimu michache ya mvua, ikaharibika mbele ya macho ya watu.

Mwisho wa njia hiyo ni chuma. Ndani ya beto nzuri chuma hakipati kutu, juu simenti inakizunguka na hali ya uchungu wa chokaa inayokilinda. Nyufa zikileta maji na hewa, ulinzi huo unaisha. Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma iliyotoka, kwa hiyo inaipasua beto kutoka ndani. Pale sasa hata mtoto anaona kwamba kuna shida.

Haki yake pia maji tuyape. Beto changa inayataka, bila maji haipati nguvu. Hata ufa mwembamba sana, kama hautikiswi, maji yanaweza kuuziba wenyewe kwa chokaa mpya. Lakini ufa unaofunguliwa na kufungwa na malori kutwa nzima hauna nafasi ya kupona. Ni kama kidonda ambacho kila siku unakigonga.

Methali tuliyoimba shuleni, usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliifanya ya tabia na ndoa. Kwa injinia ni maelezo ya kazi, neno kwa neno.

JINJA, DARAJA LILILOBEBA ENEO ZIMA

Usifikiri haya ni ya Illinois na Osaka tu. Vitu vingi vinavyotoka bandari ya Mombasa kuja Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo vinavuka mto Naili pale Jinja. Mwaka wa 1954 Waingereza walifungua pale bwawa la Owen Falls, leo linaitwa Nalubaale, na barabara ikapitishwa juu yake. Hiyo ikawa njia kuu. Malori ya 1954 na malori ya miaka ya 2000 si ndugu: yaliongezeka idadi, yakaongezeka urefu, yakaongezeka tani.

Nyufa zikaonekana kwenye kazi ile. Sababu haikuwa moja. Kwenye jengo la mitambo wataalamu walitaja pia ugonjwa mwingine wa beto, pale kokoto fulani na simenti vinapopigana mbele ya unyevu, beto ikavimba. Tena angalia: bila maji ugonjwa huo nao hauendi mbali. Kwa upande wa kuvuka, Uganda iliona haiwezi kuendelea kuegemea daraja lililozeeka. Tarehe 17 Oktoba 2018 likafunguliwa daraja jipya la nyaya, urefu mita 525, lililojengwa kwa mkopo wa Japani. Nchi iliyojifunza uchungu wa sakafu zake za madaraja ikasaidia kujenga lingine kwenye njia inayotulisha hata sisi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sheria ya mizigo ya magari ya mwaka 2013, inayoweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima, na kikomo kwa kila ekseli. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Kwa hiyo hesabu ile ya nguvu ya nne si ya vitabu vya Wazungu tena, ni ya nyumbani.

NA SISI HUKU

Sasa turudi Kavumu. Mvua yetu inaanza Septemba na kwenda mpaka Mei, kisha kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Maana yake beto yetu inalowa miezi tisa na kukauka miezi mitatu, kila mwaka. Kulowa inavimba kidogo, kukauka inasinyaa kidogo. Huo wenyewe ni mzigo unaojirudia, hata pale ambapo lori halifiki.

Halafu kuko ardhi. Tunaishi juu ya bonde la ufa, na jina lenyewe linasema. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi watu wakiwa kanisani, tetemeko la ukubwa wa karibu 5.9 lilipiga kaskazini ya Bukavu. Watu walikufa pande zote mbili za Ruzizi, wengi upande wa Rwanda. Nyumba zilianguka, nyingine nyingi zilipasuka na kubaki zimesimama. Mitetemeko midogo ikafuata siku nyingi. Mwezi Agosti 2015 ardhi ikatikisika tena vizuri.

Tetemeko ni mzigo unaojirudia ulio mkali kabisa: ndani ya sekunde chache nguzo inavutwa kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nyumba iliyobaki imesimama haikupona kwa sababu tu haikuanguka. Imetoka na nyufa, na kila msimu wa mvua maji yanaingia mle. Wenye nyumba wengi walipaka rangi juu ya ufa, na mambo yakaendelea. Rangi inaficha ufa kwa macho ya mgeni, maji haiyadanganyi. Tetemeko linalofuata halitaikuta nyumba ile ile ya 2008. Litaikuta nyumba iliyochoka, yenye chuma kilichoanza kuoza, na ndani yake watu wanaolala wakifikiri ilishafaulu mtihani.

Hapo ndipo historia hii yote inatugusa. Na tusijidharau kana kwamba sayansi ni ya kwingine. Lwiro iko hapa jirani. Taasisi ya utafiti ya IRSAC iliundwa mwaka 1947, ikajenga makao yake pale, na toka miaka ya 1950 vyombo vya Lwiro vinasikiliza mitetemeko ya ardhi hii. Leo ndiyo CRSN. Tuko na jengo lenye kumbukumbu za ardhi kutikisika umbali wa kutembea kwa mguu toka sokoni Kavumu, na wangapi kati yetu wenye diploma tumewahi kuingia kuuliza?

MAMBO MANNE YA KUBEBA

Kwanza, maji ya kuchanganyia. Treval Powers na wenzake, Marekani, walionyesha mwaka 1959 kwamba matundu ya simenti yanajikata na kutenganishwa kadiri simenti inavyokomaa, lakini inategemea maji uliyoweka. Kwa mfuko wa kilo 50 ukiweka lita 22 na nusu, matundu yanatenganishwa baada ya siku karibu 7 za kuitunza ikiwa na unyevu. Kwa lita 25, siku 14. Kwa lita 35, mwaka mzima. Ukizidisha lita 35, hayatatenganishwa kamwe, hata ungengoja maisha. Basi ukiona fundi anaongeza ndoo ili beto iteleze vizuri, ujue anafungua milango ambayo hakuna mtu ataifunga. Kumbuka pia kwamba mchanga uliolala kwenye mvua umeshabeba maji yake, uyahesabu.

Pili, kuilowesha beto changa. Wiki moja ni kidogo kabisa, na katika kiangazi usiiache jua liinyonye. Magunia yaliyoloweshwa yanatosha, hayahitaji bajeti ya mradi.

Tatu, mifereji. Daraja, barabara au balkoni ambayo maji yanatuama juu yake inakufa mapema hata kama mizigo ni ya kawaida. Kuzibua mfereji kwa jembe asubuhi ya salongo ni matengenezo ya beto, ingawa hakuna anayeliita hivyo.

Nne, kuandika. Ufa mmoja ukiuona, uwekee alama ya kalamu mwanzo na mwisho wake, andika tarehe, piga picha na sarafu pembeni ili upana uonekane. Rudi baada ya miezi 3, na rudi baada ya mvua. Ufa uliolala ni jambo moja, ufa unaotembea ni jambo lingine, na kwa macho ya siku moja huwezi kuwatofautisha. Wöhler mwenyewe alianza hivyo: alipima, akaandika, akarudi kupima.

Kwa wale walio kwenye vitivo vya ujenzi, jiolojia au mazingira na wanatafuta mada ya mwisho wa masomo, kazi ipo: madaraja madogo na karavati toka Mudaka mpaka Katana, kila moja na nyufa zake, michirizi yake myeupe, na hesabu ya malori yanayopita kwa siku. Chombo cha kuanzia ni daftari, kamba ya kupimia na viatu vya matope. Na usiende kiangazi. Nenda mwezi wa Novemba, saa moja baada ya mvua, simama pembeni mahali salama, na uangalie lori linapopita kama maji ya matope yanaruka kwenye kingo. Yakiruka, andika jina la mahali na tarehe, kisha upeleke karatasi hiyo kwa wenye barabara kabla sakafu haijatoboka.